Lugha ya Bibi Haimchelewishi Mtoto

Swali la lugha ipi iachwe nyumbani ili mtoto aseme upesi limeulizwa mara nyingi mno miongoni mwa familia za Wattaya, mtaa wa Maskati ambamo Kiswahili bado kinasikika sebuleni ilhali Kiarabu ndicho kinachotawala shuleni na ofisini. Ubaya wa swali hilo ni kwamba jibu lake la mitaani, yaani “acheni Kiswahili”, hubomoa kile hasa ambacho elimu ya malezi hukusudia kukijenga. Elimu hiyo, ambayo ni mafunzo yanayotolewa kwa walezi wakiwa katika vikundi au kwa kutembelewa majumbani, haina kazi ya kuwachagulia watu lugha. Huanza na yale ambayo walezi wanayajua tayari, na kwa wengi wao la kwanza ni lugha yao.

Imani kwamba lugha mbili humvuruga mtoto haina msingi wa kitaalamu. Ilipata nguvu katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, pale watoto wa wahamiaji walipopewa vipimo vya akili kwa lugha ambayo hawakuimudu, kisha wakalinganishwa na watoto wa familia zenye uwezo zaidi, na tofauti iliyoonekana ikabebeshwa lugha ya nyumbani. Mwaka 1962, Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa miaka 10 mjini Montreal, Kanada, kwa kuzingatia hali za maisha za familia zao, na watoto wa lugha mbili wakawapita wenzao wa lugha moja katika vipimo vingi. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba neno la kwanza, linalotarajiwa karibu na umri wa mwaka mmoja, na kuunganisha maneno mawili, kunakotarajiwa karibu na miaka miwili, huja kwa watoto hao kwa wakati ule ule.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni la hesabu. Mtoto mwenye maneno 30 ya Kiswahili na 25 ya Kiarabu ana maneno 55, lakini akipimwa kwa Kiarabu pekee zaidi ya nusu ya usemi wake hutupwa, kisha mzazi akaambiwa kwamba mwanawe amechelewa. Vivyo hivyo, anayesema “nataka khubz” hajachanganyikiwa, kwa kuwa kitenzi amekipa kiambishi cha nafsi kama sarufi ya Kiswahili inavyotaka, na mkate ameutaja kwa neno analolisikia kila siku, jambo ambalo wazee wake hulifanya asubuhi na jioni bila ya kupelekwa kwa daktari.

Historia ya jamii yenyewe ingetosha kulizima suala hili. Familia nyingi zilizotoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, na zile zilizorejea kutoka Afrika Mashariki baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, zilifika Oman zikikimudu Kiswahili kuliko Kiarabu, na watu wake wakaajiriwa katika wizara, hospitali na shule. Madhara yapo katika ushauri wenyewe: bibi aliyekatazwa kusema Kiswahili na mjukuu wake hawi mwalimu wa Kiarabu, bali hunyamaza, mama anayejilazimisha kutumia lugha asiyoimudu hubakiwa na amri fupi fupi, hadithi na vitendawili hukoma, na simu ya mkononi hushika nafasi yao. Usemi hukuzwa na mazungumzo ya kupokezana, ambamo mtoto hutoa sauti au ishara na mtu mzima akamjibu, na skrini haipokezani na mtu. Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto aliye chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini kabisa.

Zipo pia tiba zinazopendekezwa kwa mtoto aliyechelewa kusema. Kuchoma kwa chuma cha moto, yaani wasm, hakustahili mjadala, kwani ni kumjeruhi mtoto. Kukata utando wa chini ya ulimi kunaweza kuhitajika kwa sababu ya kunyonya, lakini hakumwongezei mtoto msamiati.

Kinachosaidia kinajulikana. Mjini Kingston, Jamaika, kuanzia 1986, wahudumu wa afya wa jamii walizitembelea kila wiki, kwa miaka miwili, familia zenye watoto waliodumaa, wakiwafundisha mama kuzungumza na kucheza na watoto wao, na miaka 20 baadaye kipato cha watoto hao kilikuwa juu kwa takriban asilimia 25 kuliko cha wenzao wasiotembelewa.

Yaliyobaki ni mafupi. Darasa la malezi lihudhuriwe na wote wanaokaa na mtoto, yaani baba, bibi na yaya pamoja na mama, na kila mmoja aseme na mtoto kwa lugha anayoimudu, akisubiri jibu. Mtoto asiyeitika jina lake afikapo mwaka mmoja, asiye na neno lolote katika miezi 18, asiyeunganisha maneno mawili katika miaka miwili, au anayepoteza maneno aliyokuwa nayo, apelekwe kituo cha afya bila ya kungoja, apimwe kwanza masikio, kisha achunguzwe dalili za usonji, na mpimaji aelezwe maneno ya lugha zote mbili. Atakayeendelea kushauri kwamba Kiswahili kiachwe aombwe ataje ugonjwa anaoutibu.