Nilijenga Mabawa Mawili ya Kulia: Vile Utajenga Ndege Kutoka Ramani ya Zamani Bila Kuchoma Picha

Wacha nianze na aibu yangu. Ndege yangu ya kwanza ya balsa ilikaa mezani wiki tatu. Nikamaliza mabawa yote, nikayaleta kwa bodi niyagundishe, kucheki hivi, yote mawili ni ya kulia. Ya kushoto hakuna. Na ramani haikuwa na makosa yoyote, mimi ndio sikujua kuisoma.

Hizi ramani ziko mob mtandaoni, za bure, zimeskaniwa kutoka magazeti ya miaka ya 1930 na 1940. Model Airplane News ilianza Marekani 1929, Aeromodeller ikaanza Uingereza 1935, na vijana wa huko walikuwa wanajenga ndege za mbao na karatasi vile sisi tulikuwa tunajenga magari ya waya. Shida ni kwamba wale wazee walikuwa wanachorea watu wenye walishajua hiyo kazi. Mambo kibao waliyaacha bila kusema, na hapo ndipo utaangukia.

Kwanza chagua ndege. Najua mkenya yeyote mwenye amesoma history kidogo atataka Gipsy Moth, juu Florence Wilson alianza Wilson Airways hapa Nairobi 1929 na hiyo ndege, na ni jina lake liko kwa ule uwanja wa Lang'ata Road. Story tamu, lakini Moth ina bawa juu na bawa chini, na waya zimejaa katikati. Hiyo itakumaliza. Chukua Piper J-3 Cub, ile ya njano yenye mstari mweusi ubavuni. Bawa lake ni moja na liko juu ya kichwa cha rubani, bodi yake ni kama boksi, na ramani zake hazikosekani. Cub ya ukweli ina mita 10.74 kutoka ncha moja ya bawa hadi nyingine. Kwa skeli ya 1:16 hiyo inakuwa sentimita 67 hivi, so inaingia kwa meza ya bedsitter bila stress.

Sasa unaenda saiba kuprinti. Hapa chunga sana. Printa nyingi zimewekwa zipunguze picha ndio ienee kwa karatasi, na mse wa saiba hatakuambia. Unarudi keja na ndege imekonda kidogo, na hutajua hadi mbao zikatae kuingia kwa mapengo yake. Mwambie aprinti kwa asilimia 100, halafu kabla hujalipa toa rula. Kama ramani inasema bawa lina inchi 12, pima, upate sentimita 30.5. Pima urefu, pima na upana pia, juu karatasi ya kitambo huvutika upande mmoja kuliko mwingine. Na ucheki kama gazeti lilikuwa limeichora nusu ya saizi. Hiyo ilikuwa kawaida yao.

Vipimo vyenyewe ni vya inchi. Ukiona «1/16 sq.» kwa mchoro, hiyo ni fito ya mraba ya milimita 1.6 kila upande. «1/8» ni milimita 3.2. Ukiona «2 req'd» kando ya kipande, unakata viwili.

Na sasa ile iliniua. Ili kuokoa karatasi, ramani nyingi zinachora bawa moja tu. Lingine unafaa kulijenga kwa mchoro huohuo ukiwa umegeuzwa. Mimi nilijenga mara mbili juu ya upande uleule. Dawa ni ya jikoni: pakaa karatasi mafuta ya kupikia kidogo, ufute yakishaingia. Inakuwa ya kuonekana hadi nyuma. Unaigeuza, na bawa la kushoto liko hapo linakungoja.

Kujenga ni raha, sitakudanganya. Tandika ramani juu ya ubao laini wenye haujapinda, ifunike na nailoni ya kuonekana ndio gundi isishike karatasi, halafu panga fito juu ya mistari. Pini zikae kando ya fito, usizitoboe katikati, zitapasuka. Pande mbili za bodi zijenge moja juu ya ingine ndio zitoke mapacha. Ukizijenga mbali mbali, bodi itatoka kama ndizi.

Mbao ni balsa, inatoka sana sana Ecuador. Ni nyepesi hadi inashtua, na bado ina nguvu: ndege ya vita ya Mosquito, ya Waingereza, bodi yake ilikuwa balsa katikati ya plaiwudi. Pengine itabidi uagize. Najua utashawishika kutumia saipras ya hardware ndio usave doh, lakini hiyo ina uzito wa karibu mara tatu, na uzito ndio adui yako mkubwa kwa hii kazi yote.

Cheki hivi. Pua ya Cub ni fupi, mkia uko mbali. Ni kama kupima kwa mizani: gramu moja ya gundi ya ziada kule mkiani inaweza kukudai gramu tatu za plastisini puani ndio ndege ilale sawa. So msasa mwingi nyuma, na gundi ya tone moja moja. Ukiona gundi inang'aa kila kona ya mkia, ushapoteza.

Halafu usishtuke ukipata mkia wa ramani ni mkubwa kuliko wa ndege ya ukweli, mabawa yameinuka juu kidogo na propela ni kubwa ajabu. Si makosa ya mchoraji. Ndege ya raba haina rubani wa kurekebisha mambo, na wale wazee walidanganya skeli kidogo ndio itulie yenyewe hewani. Usijifanye mjuaji ukirudisha saizi ya kweli.

Ukimaliza mifupa, unaivalisha karatasi nyepesi ya tishu kwa gundi ya maji, unainyunyizia maji, na ikikauka inakazana kama ngoma. Hapo pia kuna mtego. Karatasi ikikazana inavuta bawa, bawa linapinda kama chapo, na bawa lililopinda linapeleka ndege kwa mzunguko hadi chini. Libanie kwa ubao na pini likikauka. Usilitoe mapema juu una hamu ya kupiga picha.

Kabla ya kurusha, ishike na ncha za vidole viwili chini ya mabawa, theluthi moja hivi kutoka ukingo wa mbele. Inafaa ilale sawa. Ikikaa mkia chini, ongeza plastisini puani. Wasee wengi huruka hii step, na ndege ya mwezi mzima inaisha kwa sekunde mbili.

Nenda uwanja wenye nyasi ndefu, jioni, upepo ukiwa umelala, na ukae mbali na Wilson tafadhali. Rusha bila raba kwanza, pua ikiangalia chini kidogo, usiitupe juu kama jiwe. Ikiinua pua halafu ianguke, ongeza uzito mbele. Ikipiga mbizi moja kwa moja, punguza. Endelea hadi iteleze polepole hadi nyasi.

Ndio sasa uweke raba, na uzungushe raundi 50 tu. Propela itaivuta kushoto, hiyo ni kawaida, na ramani nyingi hazisemi. Ingiza kijiti chembamba nyuma ya kipande cha pua, upande wa kushoto, ndio propela iangalie kulia kidogo. Jaribu tena. Ikitulia, ongeza 50 zingine, lakini kabla ya hapo andika namba yako ya simu chini ya bawa, juu hizi vitu zikishika hewa ya moto huenda na usizione tena.