Chombo cha Mfukoni Katika Motokaa

Katika nyumba nyingi za leo kimo chombo kidogo cha mfukoni kihifadhicho sauti: visomo, darsa, kasida, na pengine mazungumzo ya wazee yaliyonaswa barazani. Nyumbani kwetu palikuwa na kimoja cha namna hiyo, na ndani yake mlikuwamo sauti ya marehemu babu yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, akisimulia safari zake za jahazi alipokuwa kijana. Mmoja wa vijana wetu alitaka tuisikilize njiani tulipokuwa tukienda Tanga kwa motokaa. Alikata waya wa kiwashio cha sigara, akaziunganisha ncha zake moja kwa moja na chombo kile. Haikupita hata dakika moja, pakanuka harufu ya plastiki inayoungua, na sauti ya babu ikawa imekwenda zake.

Hatukumgombeza sana, kwani kosa lake ni la wengi. Betri ya motokaa ndogo ni ya volti 12, na injini inapozunguka nguvu hiyo hupanda ikakaribia 14. Chombo cha mfukoni aghalabu huchajiwa kwa volti 5 tu. Baina ya hizo mbili hapana budi kiwepo kipunguza umeme, nacho ni kile kidude chenye tundu la USB kinachochomekwa mahali pa kiwashio. Hakina bei kubwa. Mwenye kutaka waya wa kudumu ndani ya gari na amwendee fundi wa umeme wa magari, naye aupitishe kwenye fyuzi yake, maana waya usio na fyuzi waweza kuteketeza zaidi ya chombo.

Lakini umeme ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuifikisha sauti kwenye spika za gari, na jambo hili limewashughulisha watu tangu zamani. Mwaka 1930 ndugu wawili wa ukoo wa Galvin, huko Chicago, walitoa redio ya motokaa wakaiita Motorola. Mwaka 1956 kampuni ya Chrysler ilitia ndani ya baadhi ya magari yake kinanda cha santuri, sahani ikizunguka mara 16 na theluthi mbili kwa dakika. Na afikiri msomaji: sindano juu ya sahani, na gari juu ya mashimo! Haikuchukua miaka mingi kikaachwa. Kaseti ndogo ya Philips, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 1963, ndiyo iliyokuja kushika barabara hasa.

Na mpaka leo yako magari mengi makuukuu yenye mdomo wa kaseti. Mwenye gari la namna hiyo ana bahati kuliko adhaniavyo. Kipo kidude chenye umbo la kaseti, ila hakina utepe. Badala yake kina kichwa kidogo cha sumaku kinachokabiliana na kichwa cha redio, na waya unaotoka ubavuni mwake huchomekwa mahali pa vibandiko vya masikio. Sauti hupita kutoka sumaku hadi sumaku, na redio hudhani inasoma utepe. Gari likiwa na tundu la kuingizia sauti, au likiwa na Bluetooth, hapana haja ya hila hiyo.

Penye taabu ni pale ambapo havipo hivyo vyote. Hapo watu hununua kidude kirushacho sauti kwa mawimbi ya FM, redio ya gari ikaipokea kama ipokeavyo kituo chochote. Sasa yafaa ijulikane kwamba magari mengi ya Tanzania, Kenya na Uganda yametoka Japani yakiwa yamekwisha tumika, kwa kuwa huko nako usukani u upande wa kulia. Redio zake ziliundwa kwa mawimbi ya huko, nayo huanza megahezi 76 na kuishia 90, au 95 katika zile za karibuni. Vituo vya kwetu huanza 87.5 hadi 108. Mtu huweka kidude chake kwenye 101, redio ikanyamaza, akarudi dukani kugombana na muuzaji, na kumbe kidude ni kizima. Na akiweke baina ya 88 na 90, mahali pasipo na kituo kingine, atasikia. Ikiwa fundi amekwisha tia kigeuza mawimbi ndani ya gari, basi hesabu hii hubadilika.

Chombo nacho kisiachwe kikinong'ona. Kipandishwe sauti kiasi cha robo tatu, kisha ipunguzwe kwa redio. Ukisikia mlio kama wa mbu unaopanda kila injini ikikazwa, chomoa waya wa chaji. Aghalabu mbu huyo hutoweka.

Liko jambo moja ambalo hatutaki kulipita upesi. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akiinama sekunde tatu kutafuta kisomo kingine, amekwenda mita zaidi ya 60 bila kuona njia, na watoto wako nyuma yake. Katika safari zetu chombo hushikwa na abiria wa mbele, ambaye aghalabu ni bibi wa nyumba, na dereva hana ruhusa hata ya kukigusa. Akitaka kubadilisha, huomba.

Ama sauti ya babu, tulipofika Tanga shangazi alitutolea kaseti iliyokuwa sandukuni, ndiyo ile ile ambayo kijana wetu alinakili mwanzo. Tuliitia katika mdomo wa redio ya gari tukiwa tumesimama uani. Upande wa kwanza babu alisimulia mpaka jahazi lilipofika bandarini. Tukaigeuza. Upande wa pili ulikuwa umekwisha rekodiwa taarabu juu yake, na shangazi akasema hamkumbuki aliyefanya hivyo.