Nani alipie vipimo vya Ziwa Kivu?

Kongo ina pwani fupi ya bahari, kilomita 40 hivi huko Muanda. Muanda ni mbali mno na Goma, jiji letu. Kwetu ufuko ni wa Ziwa Kivu, na swali la fedha za Leta, yaani serikali, kwa sayansi ya maji linaanzia hapo.

Tutazame kwanza ziwa lenyewe. Kina chake kinafika mita 485. Katika maziwa mengi maji ya juu na ya chini huchanganywa na upepo na majira; ya Kivu hayachanganyiki. Maji ya chini yana chumvi na hewa ukaa nyingi kuliko ya juu, kwa hiyo ni mazito na hubaki chini hata yakiwa na joto zaidi. Humo zimeyeyuka gesi mbili: hewa ukaa, ambayo kwa mgandamizo wa kawaida ingejaza kilomita za ujazo 300 hivi, na methani, kilomita za ujazo 60 hivi. Kinachozizuia ni uzito wa maji yaliyo juu yake. Kizuizi hicho kikivunjika, gesi hupanda kwa mkupuo. Ndivyo ilivyotokea Ziwa Nyos, Kamerun, Agosti 1986, watu wapatao 1,700 wakafa usiku mmoja. Na Nyos ni dogo sana mbele ya Kivu.

Hapa pana jambo ambalo watu hulichanganya. Mazuku si gesi ya ziwani. Ni hewa ukaa inayotoka kwenye nyufa za ardhi ya volkano, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni usiku upepo ukitulia. Upande wa Bulengo, alfajiri, utaona shimo kati ya mawe ya lava na majani mabichi ndani yake. Mbuzi hushuka kuyafuata, hupiga magoti, haamki. Mtu mzima aliyesimama hapo, kichwa kikiwa juu ya gesi, hupumua kama kawaida. Mtoto aliyeinama miguuni pake hupoteza fahamu. Neno hilo la Kiswahili limo sasa katika maandishi ya wanasayansi wa dunia nzima, kwa sababu watu wa hapa walilijua jambo hilo kabla ya kifaa chochote kuletwa.

Ziwa hupimwaje? Chombo chenye vihisio hushushwa polepole kwa kamba kutoka mashuani, kikisoma joto na chumvi katika kila kina. Kipimo kimoja hakitoshi. Anayepima anataka kujua kama tabaka za maji zimesogea tangu mara iliyopita, na kwa hilo anahitaji vipimo vilevile, mahali palepale, bila kukatika. Huo ndio mfululizo wa vipimo. Chombo hununuliwa mara moja. Mafuta ya mashua, betri, intaneti na mshahara wa anayeshusha kamba huhitajika kila mwezi.

Fedha nazo ni za aina mbili. Fedha za mradi zina tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na mara nyingi hutoka kwa wafadhili. Fedha za matumizi ya kawaida hurudi kila mwaka katika bajeti ya Leta. Mfululizo wa vipimo ukitegemea fedha za mradi, hukatika siku mradi unapofungwa.

Hilo limetokea. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG, ambacho hufuatilia pia ziwa, kilitegemea ufadhili uliopitia Benki ya Dunia. Ufadhili huo ulikoma mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa kituo kikakosa intaneti ya kupokea takwimu na mafuta ya kufikia mitambo yake. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ikalipuka.

Ni rahisi kusema kwamba fedha zingetupa onyo. Utafiti uliofuata unaonyesha jambo gumu zaidi: dalili zilizopimika zilianza dakika 40 hivi kabla ya lava kutoka. Lakini katika siku zilizofuata vipimo vilifanya kazi kubwa. Vilionyesha magma ikisafiri chini ya jiji hadi chini ya ziwa, na tarehe 27 Mei mitaa kumi ya Goma ikaamriwa kuhama. Watu wakaenda Sake kwa miguu, magodoro kichwani. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kutegemea kubahatisha.

Tangu mwisho wa Januari 2025 jiji liko mikononi mwa waasi wa M23, na benki zake zilifungwa. Kwa hiyo hata fungu la bajeti, nililokuwa nalitetea siku zote, halitoshi tena peke yake, maana njia ya fedha kutoka Kinshasa inaweza kukatwa.

Chanzo kingine cha fedha kiko katika gesi yenyewe. Ng'ambo ya ziwa, Rwanda, mtambo wa KivuWatt hutoa megawati 26 kutokana na methani ya ziwa hili hili. Kongo nayo ilitangaza vitalu vitatu vya gesi mwaka 2022. Naona mkataba wowote wa methani ubebe tozo ya vipimo, ilipwe kabla ya faida, iwekwe kwenye akaunti isiyopitia hazina ya upande wowote, na takwimu zake zitangazwe kwa Kiswahili. Kazi ianzie ghuba ya Kabuno, magharibi ya jiji, ambako maji yenye gesi nyingi yako mita kumi na kitu tu kutoka juu.