Kabla hujapanda ndege, tazama Mvera

Wewe unayesubiri filamu za Marekani, tulia kidogo. Wiki hii hapa Gazi nimetazama mbili za Pwani yetu. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021), kutoka riwaya ya Adam Shafi, ni tamu kwa macho: Zanzibar ya ukoloni, mapenzi na siasa. Ila inajikokota, usiitazame na usingizi. Iliyonikamata ni Mvera ya Daudi Anguka, ambayo Kenya iliituma mwaka 2023 kuwania Oscar. Vijana wanaahidiwa kazi ng'ambo, kumbe kinachotakiwa ni viungo vyao. Beshte yangu ana pasipoti tayari, na wakala wake hata hamjui vizuri. Kesho naitazama tena, naye kando. Wako je, umemwonyesha?