Kibali au Taarifa: Utangulizi

Wengi huingia katika somo hili wakiwa na picha ya mizani: huku uhuru wa mtu, kule usalama wa umma, jaji katikati. Mimi picha hiyo hainikoshi, kwa sababu haisemi nani anatakiwa kujieleza kwanza.

Twende kaunta ya kituo cha polisi. Mtu amekuja na barua, halisi na nakala: waandaaji, uwanja, saa, madhumuni ya mkutano. Anasubiri nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Kama barua imeandikwa "Yah: Maombi ya kibali", ofisi ikinyamaza hana mkutano. Kama imeandikwa "Yah: Taarifa ya mkutano", ofisi ikinyamaza anaweza kwenda kufunga vipaza sauti, anayetaka kumzuia ndiye atoe sababu.

Tofauti hiyo ndiyo iliyomfikisha Mchungaji Christopher Mtikila Mahakama Kuu, Dodoma. Katika hukumu ya 1994, Jaji Kahwa Lugakingira alilitupa sharti la kibali kwa kuwa liligongana na Katiba, lakini akaliacha la taarifa. Hakusema polisi hawana kazi. Umati unahitaji njia za magari, na vikundi viwili visikutane uwanja mmoja saa ileile. Leo sheria ya Tanzania inadai taarifa angalau saa 48 kabla. Ya Kenya, siku 3.

Mwaka mmoja kabla ya hukumu ya Mtikila, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikuwa imekutana na kibali cha aina nyingine. Kukutia Ole Pumbun na mwenzake walitaka kuishitaki Serikali, na sheria ikawataka kwanza wapate ridhaa ya Serikali hiyohiyo! Mahakama ilikubali kwamba Ibara ya 30 ya Katiba inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa manufaa ya umma. Ila sheria inayoweka mipaka hiyo isimwachie mtawala aamue apendavyo, na isibane kuliko inavyohitajika. Utakutana na kipimo hicho karibu kila sura mbele, iwe tunazungumzia dhamana, upekuzi au karantini.

Wanafunzi wangu huniuliza kama hukumu hizi zilibadilisha kitu, na swali lao ni la haki. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilipigwa marufuku nchini Tanzania, nayo ikafunguliwa Januari 2023 kwa tamko la Rais. Miaka yote hiyo sheria ilikuwa ya taarifa, si ya kibali. Kwa hiyo usisome vifungu peke yake. Soma na barua zilizorudi kutoka kaunta, hasa zile zilizojibiwa kwa sentensi moja: "kutokana na taarifa za kiintelijensia". Sura ya kwanza inaanza na barua ya namna hiyo.