Gombe ni karibu, lakini ziwa ndilo linaloamua

Msikilizaji wetu wa Gungu ameuliza: Gombe iko kilomita 16 tu kaskazini mwa mji wa Kigoma, mbona bodaboda haifiki? Swali zuri, na jibu lake linaweza kuokoa maisha.

Ziwa Tanganyika limekaa ndani ya Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka na kudidimia, milima ikabaki kando. Ndiyo maana vilima vya Gombe vinashuka moja kwa moja hadi majini, hakuna tambarare ya kupitisha barabara. Ila vijito vimekata mabonde, na pale vinapoingia ziwani pamejikusanya mchanga na changarawe. Hapo ndipo penye fukwe ndogo zilizojificha. Jane Goodall alishuka Gombe kwa boti tarehe 14 Julai 1960 kuanza kuchunguza sokwe, na hadi leo mgeni hufika ufukwe wa Kasekela kwa njia hiyohiyo.

Ukitoka Gungu, teremka hadi mwaloni Kibirizi. Boti za abiria za vijiji vya kaskazini kwa kawaida huondoka mchana na kurudi asubuhi, kwa hiyo jipange kulala. Boti ya kukodi inaweza kukurudisha siku hiyohiyo, lakini bei yake ni kubwa. Changeni kikundi.

Sasa sikiliza hapa. Mei hadi Septemba upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, na kwa kuwa ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 670, mawimbi hupata nafasi ya kukua. Ukielekea Gombe yanakusukuma kwa nyuma, unaona safari nyepesi. Ukirudi unakutana nayo uso kwa uso. Usilipime ziwa kwa safari ya kwenda. Lipime kwa safari ya kurudi.

Jaketi okozi livae, usilikalie. Boti ikijazwa kupita kiasi, shuka, hata kama umeshalipa nauli. Nahodha akisema tusubiri, msimsukume. Mkifika, msiogelee mbali, maana kina huongezeka ghafla. Na mwenye mafua asiwakaribie sokwe, kwani magonjwa yetu huwaambukiza.

Wenzetu wa Mtanga na Mwamgongo hupita maji hayahaya kwenda sokoni na hospitali. Upepo ukichafuka, wao husubiri. Nasi tusubiri.