Marshall: Timu Iliyokataa Kufa

Kuna hasara ambazo mtu akizipata, hata kusikia habari za "kuanza upya" kunamkera. Waulize watu wa Chuo Kikuu cha Marshall, mjini Huntington, jimbo la West Virginia, Marekani.

Timu yao ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kuvaa helmeti na kukimbia na mpira wenye umbo la yai, inaitwa Thundering Herd, yaani kundi la nyati lenye kishindo cha radi. Jumamosi ya Novemba 14, 1970, ilifungwa 17-14 na East Carolina, ikapanda ndege kurudi nyumbani. Usiku ule kulikuwa na mvua na ukungu, na ndege ikaanguka ikiwa imebaki kidogo tu itue. Watu wote 75 walifariki: wachezaji 37, kocha mkuu Rick Tolley, wasaidizi wake, mashabiki na wafanyakazi wa ndege. Baadhi ya mashabiki walikuwa mume na mke. Watoto 18 wakabaki bila baba wala mama.

Tufunge au tuendelee?

Swali likawa zito: timu ifutwe au icheze tena? Wenye ndoa mnalijua hili. Msiba ni mmoja, lakini mmoja anataka kusonga mbele na mwingine hajamaliza kulia.

Chuo kikaamua kuendelea, chini ya kocha mpya Jack Lengyel. Kwa ruhusa maalumu, hata wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakaingizwa kikosini. Kocha msaidizi Red Dawson, aliyenusurika kwa sababu alisafiri kwa gari, alifundisha msimu mmoja tu wa 1971, kisha akaachana kabisa na ukocha. Kila mtu na mwendo wake.

Septemba 25, 1971, kwenye mechi ya kwanza nyumbani, Marshall waliifunga Xavier 15-13 kwa pasi ya mwisho kabisa ya mchezo. Watu wakalia uwanjani.

Haikuwa miujiza

Ukidhani baada ya hapo mambo yakawa poa, umekosea. Msimu ule walishinda mechi 2 tu kati ya 10, na msimu wa ushindi kuzidi vipigo ulikuja 1984! Ndipo yakafuata mataji ya kitaifa ya daraja lao, 1992 na 1996, na mwaka 1999 wakashinda mechi zote 13. Mwaka 2006 Hollywood ikatoa filamu yao, *We Are Marshall*.

Pale chuoni kuna chemchemi ya ukumbusho. Kila Novemba 14 watu hukusanyika, maji yakazimwa. Hukaa kimya miezi yote ya baridi, hadi yafunguliwe tena majira ya kuchipua.

Kwa hiyo mwenzako akiwa bado kwenye kimya chake, usimharakishe. Kaa naye.